Mvua Haikuandikwa

Mzee Mwandiko alikosa mambo mengi. Hakuwa na meno ya nyuma upande wa kushoto, akawa anatafuna upande mmoja kama mbuzi. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na baiskeli; ile ya zamani ilibaki fremu tu, na kuku walilala juu yake. Hakuwa na saa inayotembea, ingawa aliivaa kila Jumapili na kuitazama katikati ya mahubiri. Hakuwa na sakafu ya saruji, wala dari, wala mtoto hata mmoja aliyeishi karibu. Na siku barua ya ofisi ya misheni ilipofika, ikiuliza kama kijijini kuna nyumba inayofaa kwa familia ya mmisionari, hakuwa na nyumba hiyo, wala hakuwa na moyo wa kujibu kwamba haipo.

Alichokuwa nacho ni mwandiko. Alijifunza kuandika akiwa na miaka thelathini na moja, katika masomo ya jioni, enzi alipokuwa akibeba magunia kiwandani. Kilichompeleka darasani ni karatasi. Msimamizi mmoja alimwekea karatasi mbele akamwambia aweke dole, ni ya kupewa viatu vipya. Viatu havikuja. Alichokuwa amekubali ni kuhamishiwa kwenye matanuri, na huko alikaa miaka miwili akikohoa. Siku aliyojua aliapa kwamba hakuna binadamu atakayemsomea karatasi tena. Akajifunza, akajinoa, akanunua kamusi, na aliporudi kijijini uzeeni akafanywa katibu wa kanisa pasipo mpinzani. Herufi zake zilisimama wima kama askari kwenye gwaride. Ofisi ya misheni iliwahi kumwandikia, "Tunakushukuru kwa mwandiko safi." Barua hiyo aliitia kwenye fremu.

Sasa ofisi hiyo hiyo ilimletea fomu yenye maswali kumi na mawili. Je, nyumba ina mabati? Ina sakafu ya saruji? Madirisha yana wavu? Choo kiko hatua ngapi? Je, familia itaishi peke yake ndani ya nyumba? Na la mwisho halikuwa swali hasa: mwenye nyumba anakubali kwa hiari yake familia ikae kwa muda wa miaka mitatu. Chini pakawa na nafasi ya sahihi, au dole. Barua ilieleza wazi kwamba kijiji cha ng'ambo ya kilima nacho kimeandikiwa. Kitakachotangulia kuonyesha nyumba inayofaa ndicho kitakachopata familia hiyo, na mke wa mmisionari alikuwa muuguzi.

Kanisa lilikuwa na nyumba ya mgeni, lakini ilikuwa msingi tu, mwaka wa nne ule. Majani yameota katikati, mbuzi wanapanda juu ya mawe asubuhi kuota jua. Watu waliiita Nyumba ya Mbuzi, na Mzee Mwandiko, aliyeandika kumbukumbu za vikao vyote vya ujenzi wake, hakupenda utani huo hata kidogo.

Nyumba iliyofaa kijijini ilikuwa moja. Marehemu mdogo wake, aliyekuwa fundi mwashi, aliijenga kwa mikono yake: vyumba vinne, sakafu iliyosuguliwa ikang'aa, baraza pana, na mfereji wa bati wa kukinga maji ya mvua. Ndani yake aliishi mjane wa mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha. Pacha wenyewe walikuwa wanaume wazima, wakifanya kazi mbali.

Mzee Mwandiko alikwenda kwake asubuhi moja, kavaa koti, kabeba fomu nakala mbili na kidau cha wino. Mkewe alifuatana naye, kama ilivyo desturi ya nyumba yao mtu anapokwenda kuomba jambo. Walipewa viti barazani, wakapewa chai. Alieleza habari ya wageni, akaeleza habari ya muuguzi. Mama Pacha akauliza watakaa hadi lini. Mzee akasema karatasi yenyewe itajibu. Akavaa miwani, akasoma. Swali la kwanza hadi la kumi na moja aliyasoma kama yalivyoandikwa. La kumi na mbili akasoma hivi: mwenye nyumba anakubali kwa hiari yake familia ikae hadi mvua za kwanza, nyumba ya kanisa itakapokuwa tayari.

Maneno yalitoka laini, kama vile yalikuwa yakimngoja.

"Hadi mvua za kwanza si mbali," Mama Pacha akasema. "Nitalala jiko la nje. Nitawanyimaje wageni, shemeji, na wewe ndiye uliyekuja?"

Akachovya dole, akaligandamiza kwenye nakala ya kwanza, akaligandamiza kwenye ya pili. Ya pili alipewa yeye. Aliikunja mara nne akaiweka kwenye kopo la majani ya chai alimohifadhi picha ya marehemu. Njiani kurudi, mkewe Mzee Mwandiko hakusema neno. Naye hakuuliza.

Mzee alijiambia ni jambo dogo. Alijiambia kwamba kabla ya mvua Nyumba ya Mbuzi itapata kuta, kwamba atawasukuma wazee, kwamba Mungu hakosi njia. Mtu aliyesoma hakosi la kujiambia.

Familia ilifika. Mmisionari alikuwa mrefu mno, kila mlango ulimgonga paji la uso na kila mara alicheka. Mkewe alianza kazi siku ya tatu tu, chini ya turubai, akipima watoto na kuchoma sindano, na wiki haikuisha kabla hajaitwa Mama Sindano. Walikuwa na mabinti wawili. Mdogo alikuwa na kifua kibovu. Walikuwa watu wema. Hilo ndilo lililomtesa Mzee. Wangekuwa na dharau kidogo angepumua. Walimshukuru Mama Pacha kila walipopishana naye uani, naye akawajibu kwamba wajisikie nyumbani. Wao walijua ni miaka mitatu, yeye alijua ni hadi mvua, na adabu za pande zote mbili zikafunika jambo lote kama kawa juu ya chakula.

Siku moja mmisionari alimvuta Mzee pembeni. Kwa heshima nyingi akauliza kama shemeji yake angeweza kusogeza moto mbali kidogo, maana moshi wa jiko unaingia chumba cha watoto na yule mdogo hakulala. Mzee akabeba ujumbe. Mama Pacha akayatoa mafiga nje, akayapanga uani chini ya jua.

"Ni watoto," alisema. "Na mvua yenyewe haiko mbali, au sio, shemeji?"

Mzee akasema haiko mbali.

Siku nyingine mmisionari akapanda mipapai minane kando ya baraza, akaizungushia miiba. Mama Pacha alisimama akaitazama mikono kiunoni. Jioni hiyo akamuuliza shemeji yake, hawa wageni wanaondoka karibuni, mipapai hii ikizaa atakula nani? Mzee akamjibu kwamba wageni hupenda kuacha kumbukumbu. Mama Pacha akacheka, akasema hakujua kwamba anaachiwa shamba. Akaanza kuimwagilia mwenyewe, asubuhi na jioni.

Kisha Mama Sindano akaleta wazo. Aliona akina mama wanashika vikaratasi vya dawa kichwa chini miguu juu. Alitaka darasa la watu wazima, alasiri mara tatu kwa wiki, hapo hapo barazani, na mwalimu asingekuwa mwingine ila katibu wa kanisa. Alimwambia mbele ya watu kwamba amesikia habari za masomo yake ya jioni na kwamba mtu kama yeye ni mfano. Mzee Mwandiko alikuwa ameingoja sentensi hiyo miaka arobaini. Aliinama kuipokea, na alipoinua kichwa akamwona Mama Pacha mbele kabisa, kakaa mkekani, kanunua daftari tayari.

"Mimi nina karatasi yangu kule ndani," alimwambia kwa furaha. "Nataka siku moja niisome mwenyewe, nisikie ilivyo."

Moyo wa Mzee ukashuka hadi kwenye soli za viatu.

Alipaka ubao kwa masizi, akachonga chaki, akafundisha. Walikuwa kumi na mmoja: akina mama tisa, mchunga ng'ombe mmoja, na kinyozi, ambaye alikuja kwa sababu baraza lilikuwa na kivuli na watu wa kuwachekesha. Mzee alifundisha a, e, i, o, u. Wiki ya pili akafundisha a, e, i, o, u. Wiki ya tatu kinyozi akauliza kama herufi za serikali zimeisha au kuna nyingine ghalani. Watu wakacheka. Ikabidi asonge. Akafundisha ba, be, bi, bo, bu. Akafundisha ka, akafundisha la, akafundisha sa. Herufi moja aliiruka. Kila alipofika kwenye M aliizunguka kama mtu anayezunguka nyoka njiani. Aliwaza kwamba pasipo M hakuna miaka, wala mitatu, wala muda.

Lakini pasipo M hakuna mama pia, na barazani walijaa akina mama.

"Mwalimu," mmoja akauliza, "mbona hatuandiki 'mama'? Mimi ndilo jina ninaloitwa tangu asubuhi."

Alijibu kwamba hiyo ni herufi ngumu, ina miguu mitatu, itakuja kwa wakati wake. Usoni alikuwa mwalimu. Ndani alijiona yule msimamizi wa kiwandani, hata kikohozi cha matanuri kikamrudi kooni. Yeye mwenyewe alifundishwa herufi hiyo usiku wa kwanza kabisa, na alitembea kurudi bweni la kiwandani akiichora hewani kwa kidole.

Wiki iliyofuata alisingizia mgongo, akalala. Mama Sindano akashika chaki badala yake, akashangaa, akafundisha M kwa nusu saa tu. Mkewe Mzee, aliyezoea kuchambulia mboga zake nyuma ya darasa, alipotoka huko alisimulia kwamba Mama Pacha ameandika "mama" ubaoni, akarudi nyuma akaitazama, akaiandika tena chini yake, halafu tena, mpaka ubao ukajaa. Mzee alijigeuza ukutani akasema mgongo unazidi.

Alikaa nyumbani siku nane. Aliporudi, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri na kutawanyika tena. Mama Sindano alikuwa amekwenda kupima watoto kijiji cha pili, mmisionari alikuwa safarini, mabinti walicheza nyuma ya nyumba. Mzee alipoandika tarehe ubaoni, Mama Pacha akanyoosha mkono. Akatoa kwenye fundo la kanga karatasi iliyokunjwa mara nne.

Aliomba ruhusa asome. Kabla hajapewa, akaanza. Alisoma kwa kidole, kila silabi aliikanyaga mpaka ikasimama kabla ya kuinua mguu. "Mwe-nye. Nyu-mba. A-na-ku-ba-li." Ilichukua muda mrefu. Kinyozi alinyoosha shingo aone. "I-ka-e. Kwa. Mu-da. Wa. Mi-a-ka." Akasogeza kidole. "Mi-ta-tu." Kisha akasimama kidogo penye nukta, kama walivyofundishwa.

Akainua macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtoto aliyeleta hesabu isahihishwe.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Wewe uliposoma, palikuwa na mvua. Nimeitafuta mvua karatasi nzima. Nimeanza juu nikashuka, nimeanza chini nikapanda. Sijaiona."

Watu kumi walimtazama Mzee Mwandiko. Mkewe naye alikuwepo, nyuma, akichambua mboga. Palikuwa na nafasi, fupi kama pumzi moja, ambayo mtu angeweza kuitumia kuwa mtu. Aliiona. Aliiona vizuri kabisa, akaiacha ipite.

"Umekosea, shemeji," akasema. "Hayo ni maandishi ya ofisi. Hayasomwi hivi hivi. Bado hujafika huko."

Kinyozi akasema kwamba Mama Pacha amesoma kwa moto mpaka mvua imekauka. Baraza zima likaangua kicheko, kicheko cha watu wanaopendana, bila ubaya. Mama Pacha naye akacheka, mkono mdomoni. Akaikunja karatasi mara nne, akairudisha kwenye fundo. Alilifunga mara mbili.

Kesho kutwa yake hakuja darasani. Alikwenda nyumbani kwa Mzee, akamkuta mkewe peke yake, akamwachia daftari na penseli. Alisema mwalimu asihangaike naye, ampe mwenye kichwa chepesi. Chake kimeshaganda, kinasoma visivyokuwepo.

Mkewe Mzee Mwandiko aliviweka mezani mbele ya mumewe, daftari chini, penseli juu. Hakukaa.

"Baba watoto," alisema, "tumeoana miaka arobaini na mbili. Wewe ukisoma, unasoma polepole, kidole mstarini, mpaka uji unapoa. Siku ile kwa Mama Pacha, lile swali la mwisho ulilisoma mbio, na kidole ulikiweka mfukoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Mimi sijui kusoma. Ningesema nini, kwamba nimeona kidole?"

Akatoka, akaenda kuita kuku wake kana kwamba hajasema kitu. Mzee alifungua daftari. Kurasa zote zilijaa. Kulikuwa na ba na be zilizolala chali, ka zilizoinama, halafu polepole ukurasa kwa ukurasa zikaanza kunyooka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na neno moja, limeandikwa mara ishirini au zaidi, limekatwa, limeandikwa tena: mvua, mvua, mvua. Alikuwa akijifunza umbo lake ili alitambue atakapolitafuta.

Mzee aliona haya iliyo mbaya kuliko ya kufumaniwa. Hakuna aliyemfumania. Angeweza kuliweka daftari motoni na kubaki Mwalimu hadi siku ya kuzikwa, na watu wangemwandikia hivyo msalabani. Aliketi nalo hadi matone ya kwanza yalipoanza kugonga paa. Ndipo akavaa koti, akalificha daftari kifuani lisilowe, akaenda.

Mvua ilikuwa imezima moto wa mafiga uani. Mama Pacha alikuwa ndani ya jiko la nje, akipanga masufuria chini ya paa linalovuja. Alimpa shemeji yake kigoda, sehemu kavu, yeye akabaki amechuchumaa. Mzee alikuwa ameandaa maneno njia nzima, ya kanisani na ya kamusi, na yote yakamtoroka.

"Ulisoma sawa," akasema.

Mama Pacha aliendelea kusogeza sufuria. "Nilisoma sawa nini?"

"Karatasi. Ni miaka mitatu. Mvua haimo. Mvua niliitia mimi kwa mdomo."

Mama Pacha aliinuka polepole. Mzee alingoja kelele, alingoja kufukuzwa. Badala yake aliulizwa swali.

"Kwa hiyo nilisoma?"

"Ulisoma."

"Yote?"

"Yote. Hata penye nukta ulisimama."

Mama Pacha akageukia ukuta. Mabega yalitikisika, na Mzee hakujua kama ni kilio au kicheko, labda hata mwenyewe hakujua. Alipogeuka tena uso ulikuwa mkavu.

"Nyumba nitakudai, shemeji, usidhani nimesahau. Mume wangu aliisugua sakafu ile kwa magoti. Lakini nyumba ni nyumba. Wewe uliniambia mbele ya watu kwamba sijui, na nilikuwa najua. Nimekaa siku tatu nikijiona mjinga. Wewe! Wewe mwenyewe uliyetusimulia habari ya viatu kila sikukuu."

Mzee akatazama chini. Maji yalikuwa yakipita kati ya viatu vyake.

"Utasema pale pale uliposemea," Mama Pacha akamaliza. "Na wale wale wawepo."

Alisema. Alasiri ya darasa alisimama mbele ya ubao, koti limefungwa vifungo vyote, akaeleza bila kupunguza: fomu, dole, mvua ya uongo, herufi aliyoiruka, na jinsi alivyomkosoa aliyekuwa amepatia. Mmisionari na mkewe walikuwa mlangoni. Kinyozi alitazama kucha zake. Hatimaye mama mmoja akauliza, kwa upole tu, kama kuna karatasi nyingine ambazo mwalimu aliwasomea. Mzee alijibu kwamba hakuna. Aliona kwenye macho yao kwamba jibu lake halikuwa na uzito tena, kama noti iliyofuliwa mfukoni. Miaka yote alikuwa macho ya kijiji. Sasa kila mwenye barua kabatini angeitafutia msomaji mwingine.

Mmisionari alikaa kwenye ngazi ya baraza, magoti juu, kichwa mikononi. Alisema kwamba amelala miezi minne katika chumba cha mjane huyu na akamtuma aondoe moto wake. Akataka wahame siku hiyo hiyo, hata kama ni kwenda kulala kanisani. Mama Pacha akamkatalia. Mtoto mwenye kifua hatahamishwa kwenye mvua. Atawaachia vyumba viwili vya upande wa mipapai, yeye atarudi kwenye viwili vyake, na mfereji wa maji utakuwa wa wote. Wakipata pengine, waende kwa amani. Lakini ofisi iambiwe, maana fomu ilidai familia ikae peke yake, na yeye hataki tena dole lake likae kwenye uongo wa mtu.

Kila mtu alielewa maana yake. Ofisi ikisoma kwamba nyumba si ya peke yao na kwamba karatasi ilikuwa ya ulaghai, inaweza kuwapeleka wageni ng'ambo ya kilima, pamoja na turubai na sindano zake. Hakuna aliyemlaumu Mama Pacha. Walimtazama Mzee Mwandiko.

Aliandika barua siku ya pili, mezani kwake, akaipeleka kwa Mama Pacha kabla ya kuifunga. Huyo alikuwa tayari amerudi chumbani mwake, na picha ya marehemu iko ukutani. Aliichukua barua akaiweka juu ya magoti, akasema ataisoma mwenyewe, na Mzee asimsaidie ila akiombwa. Ilichukua asubuhi nzima. Mzee alikaa akisikiliza herufi zake nzuri zikikanyagwa moja moja.

Kwenye aya ya pili kidole kilisimama.

"'Ku-li-to-ke-a ku-to-e-le-wa-na.' Hii ni nini?"

Akaeleza kwamba ndivyo ofisini wanavyoandika, ni lugha ya heshima.

"Hapa hapakutokea kitu, shemeji. Hapa ulifanya wewe. Andika ulichofanya."

Mzee alitoa karatasi mpya, akainakili barua yote upya palepale, na alipofika mahali hapo akaandika: Nilimdanganya. Nilimsomea maneno yasiyokuwepo. Mwandiko wake haukuwahi kupinda tangu enzi za masomo ya jioni. Siku hiyo neno "nilimdanganya" lilitoka limepinda, na akaliacha hivyo.

Mwishoni alikuwa ameandika kwamba anaomba kanisa limtafute katibu mwingine. Aliiandika sentensi hiyo kwa tumaini dogo la siri, kwamba Mama Pacha akiifikia atasema, hiyo ifute. Aliifikia. Aliisoma silabi kwa silabi mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na tarehe.

Kisha akaomba kalamu. Kidau cha wino kilikuwa pale, lakini hakukitazama. Aliandika jina lake, la kwanza na la baba yake na la mumewe, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Jina lilipanda mlima kidogo na likaishia karibu kutoka nje ya karatasi. Chini yake Mzee Mwandiko akatia sahihi yake, na kwa mara ya kwanza maishani aliifanya ndogo.

Alikunja barua, akaitia kwenye bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, na alipoilamba aliona ulimi wake nao hauna maji. Mama Pacha akamsogezea kijiko cha uji wa mtoto mgonjwa uliobaki. Wakaipaka ukingoni, Mzee akaibana kwa kiganja, akahesabu hadi ishirini, akaiinua. Ilikuwa imeshika.

Kesho yake lori la maziwa lilisimama njia panda kama kila siku saa sita. Mzee Mwandiko alilingoja kwenye matope na koti lake, akampa dereva bahasha kwa mikono miwili. Dereva aliitazama anwani, akasema mzee, mwandiko huu ni safi, kisha akaichomeka juu ya kioo na kukanyaga mafuta.

Mzee alisimama mpaka lori lilipopotea nyuma ya kilima.